Wakeshao na Mlima: Uangalizi wa Nyiragongo na Ziwa Kivu

Mji wa Goma, ulioko pwani ya kaskazini ya Ziwa Kivu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umejengwa juu ya mawe meusi ambayo zamani zisizo mbali yalikuwa moto unaotiririka. Kuta za nyumba ni mawe hayo, nyua ni mawe hayo, na vumbi linalotimka barabarani wakati wa kiangazi ni unga wa mawe hayo hayo. Kaskazini ya mji, mwendo usiofika kilomita 20, umesimama mlima Nyiragongo wenye kimo cha mita 3,470, ambao katika usiku wa mbingu safi huwaonyesha watu wa Goma, na wa Gisenyi upande wa pili wa mpaka wa Rwanda, wekundu wa moto uliomo ndani ya kasoko yake. Katika mitaa ya Goma zimesimamishwa mbao zenye rangi nne: kijani, maana yake hali ni ya kawaida, manjano, maana yake watu wawe macho, rangi ya chungwa, maana yake wajiandae, na nyekundu, maana yake waondoke. Mpita njia huitazama rangi hiyo mara moja, kisha huendelea na shughuli zake, na ni wachache wanaojiuliza ni kazi ya namna gani inayofanyika mchana na usiku hata rangi moja ikabakizwa au ikabadilishwa.

Kazi hiyo ndiyo ninayokusudia kuieleza, kwa sababu aghalabu hufahamika kinyume. Wengi hudhani kwamba watu wanaoangalia volkeno, zilizala, maji na hali ya hewa wamewekwa ili watabiri siku ya msiba, na msiba usipotokea huonekana kana kwamba wanakula mshahara wa bure, na msiba utokeapo bila ya wao kuutaja huonekana kana kwamba wameshindwa. Ilhali sehemu kubwa ya kazi yao ni kuandika habari za siku ambazo hapakutokea neno. Na muradi wa makala haya ni kuonyesha kwamba siku hizo za kimya ndizo zenye thamani kupita zote, na ndizo hizo hizo ambazo watawala na wafadhili huwa wepesi wa kuzinyima fedha.

Nyiragongo ni mmojawapo wa milima minane ya safu ya Virunga, iliyozuka mahali ambapo ardhi ya Afrika, katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, inatanuka na kupasuka polepole mno, dahari baada ya dahari, na kuiachia njia miamba iliyoyeyuka ipande kutoka chini. Jirani yake, Nyamulagira, hulipuka mara nyingi zaidi, lakini lava yake kwa kawaida humwagika katika misitu na nyika za Hifadhi ya Virunga. Nyiragongo hupasuka kwa nadra, na kila ulipopasuka katika kumbukumbu za watu umeleta maafa. Sababu iko katika tabia ya lava yake: madini ya silika, ambayo ndiyo yaifanyayo lava kuwa nzito na yenye kunata, ni haba sana ndani yake, na kwa hiyo hutiririka kwa wepesi ambao haupatikani ila katika volkeno chache duniani. Tarehe 10 Januari 1977 mbavu za mlima zilipasuka, na ziwa la lava lililokuwamo ndani ya kasoko likamwagika lote katika muda usiotimia saa moja. Penye miteremko mikali lava ilikwenda kwa kasi ya kilomita zipatazo 60 kwa saa, ikavifikia vijiji ambavyo watu wake hawakupata hata nafasi ya kuulizana kuna nini. Hesabu ya waliokufa inahitilafiana hadi leo, wengine wakitaja makumi na wengine mamia.

Yalipotimia miaka 25, tarehe 17 Januari 2002, mlima ulipasuka tena, na mara hii dalili zilikuwa zimetangulia. Kwa miezi mingi vipimo vichache vilivyokuwa vikifanya kazi viliandika mitetemo isiyokuwa ya desturi, na wataalamu wa Kikongo wa pale Goma, waliokuwa wakihudumu katikati ya vita na katika ufukara mkubwa, waliiona na wakaisema. Lakini vipimo vilikuwa haba kiasi cha kutoweza kuonyesha barabara mahali na saa, na neno lao halikupata wenye uwezo wa kulitendea kazi. Nyufa zilifunguka kutoka ubavu wa kusini wa mlima hadi karibu na nyumba za watu, lava ikapita katikati ya mji, ikaliteketeza kanisa kuu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, kisha ikaingia ziwani huku ikitoa mvuke. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi na kwingineko, na watu wapatao 120,000 waliporejea walikuta hawana makao. Idadi ya waliokufa ilikuwa ndogo ikilinganishwa na ukubwa wa maangamizi yale, na hilo tulishukuru, walakini halikutokana na matayarisho. Lilitokana zaidi na kwamba lava ilipofika kwenye ardhi ya mteremko mdogo ilipunguza mwendo, ikawaachia watu wakati wa kuikimbia.

Uchunguzi wa mlima huu si wa jana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mtaalamu wa volkeno Haroun Tazieff alishuka ndani ya kasoko na kuliona ziwa la lava kwa macho yake, na katika zama zile zile serikali ya kikoloni ya Wabelgiji ilianzisha chuo cha utafiti huko Lwiro, magharibi ya Ziwa Kivu, ambako vipimo vya zilizala viliwekwa. Kituo cha Uangalizi wa Volkeno cha Goma kiliundwa katika miaka ya 1980, na baada ya msiba wa 2002 kilipata misaada kutoka Umoja wa Mataifa na nchi kadhaa za Ulaya. Baadaye wataalamu wa Kongo, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji na Luxembourg, walijenga mtandao mpya wa vipimo vinavyoleta habari mjini papo kwa papo. Afadhali tukitazame kipimo kimoja kwa karibu, kwa kuwa ni kitu ambacho ukipita kando yake huwezi kukidhania kuwa na maana: shimo dogo lililojengewa kwa saruji, kifuniko cha chuma, paneli ya umeme wa jua, betri, na mlingoti wa antena.

Ndani ya chombo pana uzito ulioning'inizwa kwa springi. Ardhi itikisikapo, kasha la chombo hutikisika pamoja nayo, ila uzito ule hubaki nyuma kidogo, kama abiria aliyesimama ndani ya basi anavyobaki nyuma dereva anapoliondoa gari kwa ghafla. Na hitilafu iliyopo baina ya mwendo wa kasha na utulivu wa uzito hugeuzwa kuwa umeme, ikaandikwa kwa tarakimu mara nyingi katika kila sekunde, bila kupumzika. Zilizala moja hupeleka mawimbi ya namna mbili katika ardhi: la kwanza hupita kwenye miamba kwa kasi ya kilomita kama 6 kwa sekunde, na la pili hulifuata kwa kasi ya kilomita tatu na nusu hivi. Mtaalamu akihesabu sekunde zilizopita tangu kufika la kwanza hata kufika la pili, na akachukulia kila sekunde kuwa ni kilomita 8 takriban, amejua umbali. Lakini kituo kimoja hujua umbali tu, hakijui upande, na kwa sababu hiyo ni sharti viwepo vituo vitatu au zaidi ili mahali penyewe papatikane. Hapo msomaji atafahamu kwa nini kuibwa kwa betri moja mlimani si wizi wa betri tu: kituo kimoja kinaponyamaza, vile vilivyosalia hupotewa na sehemu ya uwezo wao.

Aidha, si kila mtikisiko una maana moja. Mwamba ukatikapo kwa nguvu ya ardhi inayotanuka, mwandiko wake huanza kwa mshindo mkali na kufifia upesi. Miamba iliyoyeyuka na gesi zipitapo katika njia zake za chini, mwandiko huwa wa mawimbi mapana na ya polepole, na pengine huwa mngurumo usiokatika kwa saa nyingi, ambao sikio la mtu haliusikii. Pamoja na vipimo hivyo vya zilizala viko vipimo vya kuonyesha jinsi ardhi inavyoinama na kuvimba, hata kwa milimita chache. Viko vyombo vya kupimia gesi ya salfa inayotoka kasokoni. Ziko setilaiti zinazopita angani na kulinganisha sura ya ardhi ya leo na ile ya wiki zilizopita. Na iko kazi ya mkono, isiyotaka chombo cha thamani, ya kwenda kwenye ufa ulioachwa na 2002, kupima upana wake, kutia kipimajoto ndani yake, na kuandika hesabu katika daftari pamoja na tarehe na jina la aliyepima.

Daftari hilo ndilo kiini cha jambo. Lau mgeni angekuja Goma na vyombo bora kuliko vyote, akapima siku moja na kukuta kwamba ufa fulani una joto la nyuzi 60 na kwamba zilizala 30 zimeandikwa tangu asubuhi, asingeweza kusema kama hali ni njema au mbaya, kwa kuwa hana la kulinganisha nalo. Huenda mlima umekuwa katika hali hiyo kwa miaka 10, na huenda wiki iliyopita joto lilikuwa nusu yake. Jambo lisilo la kawaida halijulikani ila na mtu aijuaye kawaida, na kawaida ya mlima haijulikani kwa ziara. Hujulikana kwa kukaa nao masika na kiangazi, kwa kuandika siku ambayo haina la kuandikwa. Mvua nayo huingia katika hesabu hiyo, kwa kuwa maji yaingiapo ardhini hupoza nyufa na kuongeza mvuke, na asiyekuwa na kumbukumbu za mvua aweza kuuona mvuke wa masika akadhani ni mlima umeamka. Ndiyo maana waangalizi wa volkeno, wa maji na wa hali ya hewa, ambao kwa macho ya serikali ni idara mbalimbali, katika kazi yenyewe ni watu wa daftari moja.

Na maji ya Goma yana habari yake. Ziwa Kivu, lenye kina kinachokaribia mita 485, limebeba katika tabaka zake za chini gesi nyingi mno iliyoyeyuka: hewa ya ukaa inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 300, na methani inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 60, zikishikiliwa huko chini na uzito wa maji yaliyo juu yake. Ulimwengu ulijifunza hatari ya maziwa ya namna hii tarehe 21 Agosti 1986, pale Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo ni dogo sana likilinganishwa na Kivu, lilipotoa hewa ya ukaa usiku na kuwaua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Kwa hiyo lava ilipoingia Kivu mwaka 2002, khofu ya wajuao ilikuwa kubwa kuliko ya waliouona moto tu. Lakini vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba lava haikushuka hadi kwenye tabaka zenye gesi nyingi, ambazo ziko chini ya mita 260 hivi, na kwamba mpangilio wa maji haukuvurugika. Tangu hapo kupima joto, chumvi na gesi za ziwa katika vina mbalimbali kumekuwa sehemu ya ulinzi wa pande zote mbili za mpaka, na Rwanda, ambayo huvuna methani hiyo na kuifanya umeme, ina sababu ya ziada ya kutaka kujua kila badiliko.

Hewa hiyo ya ukaa huwaua watu wa Goma hata pasipo mlipuko. Hutoka kimyakimya katika nyufa za ardhi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hujikusanya katika mabonde madogo na mashimo, mahali ambapo wenyeji hupaita mazuku. Alfajiri, kabla ya jua na upepo kuitawanya, hujaa kama maji yasiyoonekana hadi kimo cha magoti au cha kifua. Mbwa na kondoo huanguka kwanza, kwa kuwa pua zao ziko chini, na mtoto aliyetumwa kuokota kuni akiinama hapo aweza asiinuke tena. Vibao vya fuvu la kichwa vimesimamishwa katika baadhi ya mahali hapo, lakini mji hukua upesi kuliko vibao, na watu waliofukuzwa na vita wamelazimika mara nyingi kupiga mahema yao juu ya uwanda huo huo wa lava. Kadhalika mvua inayopita katika moshi wa mlima huanguka ikiwa na asidi na floridi, na katika vijiji vya upande unaopelekewa moshi na upepo, ambako watu hukinga maji ya mapaa kwa kuwa mito ni adimu katika ardhi ya mawe, watoto hukua wakiwa na madoa ya kahawia kwenye meno. Hayo nayo hayaonekani ila kwa kupima mara kwa mara, na kuyapima hakutaki ujuzi mkubwa. Kunataka mtu wa kwenda kila siku iliyopangwa.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na elimu yote ya uangalizi imejengwa juu ya neno hilo. Lakini Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka karibu bila mawingu. Wataalamu walioyachunguza maandishi ya vipimo baadaye walikuta kwamba dalili za wazi zilianza takriban dakika 40 tu kabla ya lava kutoka, kwa maana ukuta wa mlima ulikuwa umechoka kwa uzito na joto la lava iliyosimama karibu na juu, ukaachia kwa ghafla. Jua lilipokuwa likichwa watu walianza kukimbia gizani bila amri ya mtu, wengine kuelekea mpakani, wengine kuelekea Sake. Lava iliikata barabara ya Rutshuru, ikateketeza vijiji kadhaa na nyumba kwa maelfu, na kusimama kando ya mji, kabla ya kufika uwanja wa ndege. Watu wapatao 30 walipoteza maisha, baadhi yao kwa gesi walipojaribu kuvuka lava ambayo juu ilikuwa imepoa. Mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao, na mabomba yaliyoharibika yaliwakosesha maji safi watu wapatao nusu milioni.

Hapo pana mtu atakayesema kwamba, kama ndivyo, uangalizi haufai kitu. Naomba atazame yaliyofuata. Kwa siku kadhaa baada ya mlipuko ardhi ya Goma na Gisenyi ilitikisika mamia ya mara, kuta zikapasuka, na vipimo pamoja na setilaiti vikaonyesha jambo ambalo hakuna jicho lililoliona: miamba iliyoyeyuka ilikuwa imejipenyeza chini ya mji wenyewe na kuendelea hadi chini ya ziwa, kwa kina kisichofika kilomita moja. Tarehe 27 Mei serikali ya mkoa iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe, na mamia ya maelfu ya watu wakaondoka. Wataalamu wakafuatilia mitetemo saa kwa saa hadi ilipopungua, na mwanzoni mwa Juni watu wakaanza kuruhusiwa kurudi. Moto ule haukutoka, na kwa kuwa haukutoka wako waliolalamika kwamba walisumbuliwa bure. Lakini uamuzi ule, na zaidi uamuzi wa kuwarudisha watu, haungeweza kufanywa na mtu yeyote asiyekuwa na vipimo, kwa kuwa asingejua wakati wa kuogopa wala wakati wa kuacha kuogopa.

Tena ni lazima isemwe wazi kwamba kituo kiliupokea mwaka ule kikiwa dhaifu. Msaada mkubwa wa kutoka nje ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata fedha za intaneti ya kupokelea habari kutoka mlimani. Mishahara ilichelewa, na vyombo vya mlimani vilikuwa vikiibwa au havifikiki kwa sababu ya makundi yenye silaha. Sisemi kwamba lau fedha zingalikuwapo mlipuko ungejulikana wiki nzima kabla, kwa kuwa utafiti hauonyeshi hivyo. Nasema kwamba mlima utoao dakika 40 hauwezi kulindwa na kituo kinacholala, na kwamba dakika 40 hazina faida ila pawepo mtu anayezitazama zikianza, njia ya kumfikishia habari mwenye amri, na raia wanaojua la kufanya wakisikia. Tangu Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, kazi hiyo imekuwa ngumu zaidi, na watu wanaoihitaji wamekuwa wengi zaidi.

Basi ushauri wangu ni kwa pande mbili. Kwa wenye kushika fedha, wa Kinshasa na wa ng'ambo: bajeti ya uangalizi isipandishwe mwaka wa msiba na kushushwa mwaka wa tano wa kimya, kwa kuwa pengo la miezi sita katika kumbukumbu halirudishwi na pesa za baadaye, na mtaalamu aliyeacha kazi kwa njaa huondoka na ujuzi wa miaka ambayo hakuna chuo kinachoweza kuifundisha upya. Na kwa wakazi wa Goma, Gisenyi na vijiji vya mlimani: kila nyumba ijue maana ya rangi nne, ijue bonde ambalo lava ya 1977, ya 2002 na ya 2021 ilipita, na ikubaliane mapema mahali pa kukutana watoto wakipotea. Lava hufuata mabonde, na mtu mzima akienda kwa miguu kwa dakika 40 hukata kilomita tatu. Aliyefundishwa aelekee upande gani aweza kutoka kabisa katika njia yake akiwa na watoto wake mkononi. Kwa mlima wa namna hii huo ndio uokovu uliopo, na hupatikana kwa vituo visivyozimwa, kwa mishahara inayolipwa kila mwezi, na kwa watu waliofundishwa njia katika siku ambazo mlima umetulia.